Daftari la Piza

Shemeji yangu wa Mombasa hajapata kula kwa watu akanyamaza. Mpe biriani, atakusimulia ya Mji wa Kale. Mpe samaki wa kupaka, atauliza nazi mmeinunua wapi. Idi ile alipokuja kututembelea Malindi tukatoka jioni na watoto kwenda kula piza. Akatafuna kipande chake taratibu, akajifuta mdomo, akamgeukia kaka yake. "Mnajisifu mji wenu ni wa Wataliano. Kumbe piza yenyewe ndiyo hii?"

Kwa mtu mwingine maneno hayo yangepita na upepo. Lakini mume wangu ni mzaliwa wa Shella ya Malindi, ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwake yeye neno lisilopimwa kwa futi au kwa kilo hubaki likimwasha. Hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi, kabla shemeji hajapakia mizigo yake, akamfungia mlango kwa maneno: "Njoo masika yakiisha. Nitakupeleka penye piza bora ya mji huu. Ukikosa la kusema, utalipa wewe kwa nyumba nzima. Ukipata la kusema, nitalipa mimi."

Mwamuzi akachaguliwa mavyaa, mama yao, kwa kuwa hakuna kati yao anayethubutu kumbishia. Kwamba mavyaa alikuwa hajatia piza mdomoni tangu azaliwe, hilo halikumshughulisha mtu.

Msomaji wa mbali huenda akajiuliza piza na Malindi vinahusiana nini. Vinahusiana sana. Katika miaka ya 1960 walikuja wahandisi wa Kitaliano wakasimamisha majukwaa ya chuma baharini, Ngomeni, kaskazini ya mji wetu, wakayaita San Marco, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka huko. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka nyota za mbali, nayo ikapewa jina la Uhuru. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, nyuma ya watalii wenye mahoteli, kisha wastaafu waliochoka na baridi ya kwao, na kila kundi lilikuja na unga wake, mafuta yake ya zeituni na malalamiko yake kuhusu kahawa yetu. Leo vijana wa ufukweni hukuuzia vinyago kwa Kitaliano kabla hawajafikiria Kiingereza. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na Wareno wakatuachia nguzo ya mawe. Mtaliano katuachia piza. Nikiulizwa mimi nani katufaa, sitafikiri mara mbili.

Kwa hiyo mikahawa ya piza haikosekani. Iko ya barabara ya Lamu, iko ya kuelekea Casuarina, iko ya ndani ya mahoteli na ya vichochoroni. Kazi ilikuwa kuichuja, na mume wangu akaianza kama anavyoanza kila kazi: kwa daftari. Hakununua jipya. Alichukua daftari la madeni la dukani lililokuwa limebakiwa na nusu ya kurasa, akaligeuza juu chini, akaanzia nyuma. Ndiyo maana mpaka leo ukilifungua utasoma ukurasa huu kwamba fulani hajamaliza kulipa mabati, na ukurasa wa pili kwamba nyanya zimezidi uchachu. Akapiga mistari ya unga, nyanya, jibini, moto na bei, na mstari wa mwisho akauandika "kipimo".

Huo mstari wa mwisho sikuuelewa mpaka tulipoketi kwenye mkahawa wa kwanza. Piza ikaletwa, watoto wakanyoosha mikono, naye akawazuia kwa kiwiko. Akatoa mfukoni tepu ya chuma, ile ya fundi, akaivuta juu ya sahani.

Mhudumu akaja mbio. "Mzee, kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, kijana. Hebu nishikie huu upande wa pili."

Na kijana wa watu akashika. Wateja wa meza za jirani wakaacha kula. Mimi nikaisoma orodha ya vyakula kwa bidii kana kwamba nina mtihani kesho.

Lakini haki ya mtu haipotei. Mkahawa ule uliuza ndogo ya sentimita 24 na kubwa ya sentimita 30, na watu wengi, wakiona tofauti ni sentimita sita tu, huchukua ndogo mbili ili kila mtu awe na yake. Kijana wetu wa sekondari akapiga hesabu ya duara juu ya tishu: ndogo ina sentimita mraba 452, kubwa ina 707. Yaani kubwa moja ni zaidi ya ndogo moja na nusu. Bei yake haikuwa imeongezeka hata theluthi. Mume wangu akamtazama mwanawe kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu siku kijana alipofaulu darasa la nane, na tangu hapo piza ndogo haikuagizwa tena na mtu wa nyumba yetu. Wenye watoto wengi wanisikie hapa: ulizeni upana, kisha pigeni hesabu.

Safari iliyofuata tulitoka na mavyaa, kavaa buibui lake jipya, na shughuli ikaishia kwenye kiti. Kabla hajakaa alimwita mhudumu. "Mwanangu, nyinyi hapa mnapika nguruwe?"

"Iko piza moja mbili zina nguruwe, Bibi, lakini yako hatutaweka."

"Na hilo sepetu la mbao linaloingiza ya nguruwe ndani ya tanuri, ndilo litakaloingiza yangu?"

Mhudumu alikuwa mkweli, Mungu amlipe. "Ndilo, Bibi."

Mavyaa akashika mkoba wake. Hakugomba wala hakununa. Alimshukuru kijana, akatutangulia mlangoni. Na kwa swali hilo moja daftari likapoteza karibu nusu ya kurasa zake, pamoja na mikahawa miwili ambayo mume wangu alikuwa ameipa alama za juu. Tukabaki na ile isiyogusa nguruwe kabisa. Mume wangu alilalamika njia nzima kwamba tepu yake imefanya kazi ya bure. Mimi nilifarijika. Orodha ndefu ni mzigo, na mavyaa anajua kupunguza.

Palipofaa alikaa, piza ikaja, na juu yake majani mabichi ya kijani. Akayainamia, akanusa, akarudi nyuma. "Masalale! Huu si mrehani?"

Ulikuwa mrehani, naam. Wataliano hawaoni piza ya nyanya na jibini imekamilika bila majani hayo, na Napoli wanasimulia kwamba rangi zake tatu, nyekundu, nyeupe na kijani, zilipangwa mwaka 1889 kumfurahisha Malkia Margherita kwa rangi za bendera ya nchi yake. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo. Mavyaa hakuhitaji mwanahistoria. "Mrehani ni wa kikuba," akasema. "Unatiwa na asmini, anavaa bibi harusi. Nani kawaambia unaliwa?" Akayaokota majani moja moja, akayafuta mafuta kwa tishu, akayafunga kwenye pindo la leso. Ndipo akala. Alikula vipande viwili, akaomba cha tatu akisema ni cha kuonja tu.

"Mkate wao si mbaya," akatoa hukumu. Mume wangu akaandika "si mbaya" kwa kalamu nyekundu, maana kwa mavyaa hiyo ni sifa kubwa. Harusi yetu aliielezea kwa maneno hayo hayo.

Mkahawa huo tuuite wa mnazi, kwa kuwa una mnazi mlangoni. Uliongoza. Ule tuliouita wa mapazia mekundu ulivuta mkia: piza yake ilikuja kati mbichi, kando imeungua, na mume wangu akauandikia maneno ambayo nilimwomba ayafute kwa sababu watoto wanajua kusoma. Basi nikadhani tumemaliza. Lakini mtu wa duka huhakiki hesabu mara ya pili, na baada ya wiki kadhaa akaturudisha kwa wa mnazi, na loo! Piza ilikuwa ngumu, jibini imeganda, nyanya haina ladha. Tukarudi kwa wa mapazia mekundu kwa ajili ya kulinganisha tu. Tukaletewa piza laini, kingo zimevimba vizuri na madoadoa meusi ya moto, ikaisha kabla tepu haijatoka mfukoni.

Nyumba ikagawanyika. Mume wangu akasema wa mnazi wamebadilisha jibini. Kijana akasema ni unga. Binti yetu akasema ni baba, kwamba siku ya kwanza alikuwa na njaa na siku ya pili alikuwa ametoka kula mhogo dukani. Kitinda mimba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema mikahawa yote ni mizuri na turudi kesho.

Halafu masika yakaingia. Pasaka ikipita Wataliano hufunga virago, mahoteli mengi hufunga milango mpaka mwezi wa saba, na mji hubaki na wenyewe na mbu. Mikahawa iliyobaki wazi ilikuwa michache, na mavyaa hatoki kwenye mvua. Mume wangu akaamua: asiyeweza kwenda kwa piza, piza itamjia.

Kijana akatumwa kwa tuktuk. Aliporudi boksi lilikuwa magotini pake kama alivyoagizwa, amelishika kwa mikono miwili, lakini dereva alikuwa amekwepa madimbwi yote ya barabara ya Lamu na mbuzi watatu. Tulipolifungua, jibini yote ilikuwa imehamia upande mmoja, nyingine imenata kwenye kifuniko, na mkate umelowa mvuke. Mume wangu akakitazama kifuniko, akakikwangua kwa kisu, akaandika: "Ladha ya karatasi."

Kuna mikrowevu jikoni kwetu. Tuliletewa zawadi na shemeji huyo huyo wa Mombasa. Tukatia vipande viwili humo, vikatoka vinavutika kama mpira wa viatu, hata paka akavikataa. Hapo mavyaa akainuka kwenye mkeka wake. Akaweka kikaango kikavu juu ya jiko la makaa, moto mdogo, bila tone la mafuta. Akapanga vipande, akafunika kwa sufuria, akasubiri. Vilipotoka, chini vilikuwa vikavu vyenye kukatika, juu jibini imelainika upya. "Mkate uliolala unauamsha kwa chini," akasema, "hauupigi kwa juu." Siku hizi ndivyo tunavyofanya kila mara, na sijaona njia inayoishinda.

Ingeishia hapo, nyumba yangu ingekuwa na amani. Lakini mume wangu alichojifunza kwenye kikaango cha mama yake ni kwamba shida ni masafa, na kama shida ni masafa, basi dawa ni kuleta tanuri nyumbani. Akatumbukia kwenye simu yake usiku kucha. Asubuhi akaniambia kwamba huko Napoli kuna chama cha wapishi wa piza kilichoundwa mwaka 1984. Kwamba kanuni zao zinataka tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 hadi 485, piza ikae ndani sekunde 60 hadi 90 basi. Kwamba upana wake usizidi sentimita 35. Na kwamba kazi ya wapishi hao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2017. Jiko letu la gesi, likijikakamua, linafika 250. "Unaona?" akasema. Nilichoona ni kwamba amekwisha kuleta mifuko ya saruji kutoka dukani.

Fundi wa mtaani alimshauri atumie matofali ya kuchoma na udongo. Yeye akasema matofali ni gharama, na nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la mawe ya matumbawe yaliyobaki tulipojenga ukuta. Yalikuwa yamenyeshewa masika yote. Akayapanga kwa saruji, akaweka kuba juu, akalipiga lipu nadhifu na kulipaka rangi ya krimu ambayo mteja mmoja alikuwa ameikataa.

Mavyaa alikuwa akiitazama kazi hiyo siku zote kutoka barazani. Siku ya mwisho akauliza, "Mwanangu, hilo ni nini?"

"Tanuri la piza, Mama."

"Hilo ni tanuri la chokaa."

Mume wangu akacheka. Mavyaa hakucheka. Yeye kakulia wakati mawe ya baharini yalipopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa ya kujengea nyumba, na anajua jiwe la matumbawe linafanya nini likikutana na moto. "Watoto wasitoke barazani," akaniambia kwa sauti ya chini, nami nikawafungia.

Moto ukawashwa Jumamosi baada ya laasiri, kwa kuni za mvinje, kuni zenye joto kali kupita kiasi. Mwanzo ulikuwa moshi tu. Kisha likasikika paa! la kwanza, kavu, kama mtu kavunja bakuli. Mume wangu akasema ni kuni. La pili likarusha kipande cha jiwe hadi bandani kwa kuku. Maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya mawe yaligeuka mvuke na hayakuwa na pa kutokea, saruji nayo haipendi moto wa namna hiyo, na kuba zima likaanza kupasuka nyufa kutoka juu kwenda chini. Mume wangu alisimama na sepetu lake mkononi, donge la unga juu yake, nyanya zimeshapakwa. Hakujua aingie au akimbie. Jiwe la mwisho lilimwamulia. Liliruka ukuta likatua kwenye kamba ya nguo ya jirani, na masizi na vumbi jeupe likafuata, likashuka juu ya kanga zilizokuwa zimetoka kufuliwa. Zilikuwa jozi mpya za harusi, kwa bahati yetu.

Jirani akaja na kanga moja mkononi, hakusema neno, akainyoosha tu ili tulisome doa. Nyuma yake akaja mumewe. Nilimfahamu kama mtu wa salamu za asubuhi, anayetoka jioni na kurudi usiku wa manane. Kazi yake sikuwa nimeiuliza. Alilitazama tanuri letu lililokuwa bado linatema mawe madogo madogo, akalizunguka, kisha akakipita kilio cha mkewe na pole za mume wangu akaenda moja kwa moja kwenye meza ya unga. Akaubonyeza kwa kidole.

"Huu umeukanda saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Na sasa ni saa kumi na moja na nusu. Huu haujalala, ndugu yangu. Na hamira umetia ya maandazi."

Ndiyo kwanza tukajua kwamba tumekuwa tukiishi ukuta kwa ukuta na mpishi wa piza. Alianza kijana mdogo akiosha masufuria kwenye hoteli ya Mtaliano mmoja, akahamia kwenye unga, akaishia kwenye moto, na hajafanya kazi nyingine. Masika yalipoingia mkahawa wake ulifunga, akawa nyumbani akisubiri msimu. Tukamkaribisha chai, mkewe tukamwahidi kanga, naye akazungumza. Alisema joto la Malindi ndilo adui wa kwanza wa unga: anayefuata vipimo vya Ulaya hapa, unga humpanda haraka na kumwangukia kabla wateja hawajafika. Hamira iwe kidogo mno, maji yawe ya baridi, donge lilale kwenye friji hadi kesho yake. Kuhusu tanuri, huhitaji kipimajoto. Kuba la ndani huwa jeusi kwa masizi ukiwasha, na joto likitosha masizi yenyewe huungua, kuba likawa jeupe. Hapo sukuma makaa kando, nyunyiza unga kidogo sakafuni: ukiwa mweusi papo hapo, subiri, ukichelewa kugeuka rangi, ongeza kuni.

Mume wangu, ambaye aibu humtoka upesi, akamletea daftari. Jirani akasoma, akageuza ukurasa, akaanza kutabasamu.

"Huyu wa mnazi, mara ya kwanza, ni mimi," akasema. "Huyu wa mapazia mekundu, mara ya pili, ni mimi vilevile. Waliniongezea mshahara, nikahama."

Kimya. Kijana wetu akaangua kicheko, akakimezea chai.

"Na huu hapa?" mume wangu akaonyesha ukurasa mwingine, mkahawa tuliokuwa tumeupa alama za wastani miezi mingi kabla.

"Hapo pia nilikuwa mimi. Lakini nyinyi mlikwenda Jumatatu. Jumatatu ni siku yangu ya kupumzika."

Nilimwonea huruma mume wangu jioni ile. Alikuwa amepima mabango. Katika majiko ya piza ya mji huu, kwa alivyotueleza jirani, kuna mikono michache iliyofunzwa na Wataliano, nayo ikafunza mingine, na mikono hiyo huhama kufuata msimu na mshahara huku mabango yakibaki pale pale na rangi zake. Mgeni huuliza mkahawa gani. Mwenyeji anayejua huuliza nani yuko kwenye moto, na anapumzika lini.

"Sasa masika yakiisha utakuwa wapi?" mume wangu akauliza.

"Nitakapopigiwa simu."

Ikawa heshima ya mume wangu mbele ya mdogo wake inategemea ajira ya mtu wa pili. Hakuweza kuvumilia. Akaanza kumtafutia kazi yeye mwenyewe. Kila mwenye mkahawa aliyeingia dukani kununua bomba au kitasa alihubiriwa sifa za jirani yetu, na mmoja, nina hakika, alipunguziwa bei ya rangi kwa ajili hiyo. Mwezi wa saba simu ikapigwa. Haikutoka barabara ya Lamu wala Casuarina. Ilitoka kwa mkahawa mdogo nyuma ya soko, wa mtu wa hapa hapa, nguruwe haijulikani rangi yake humo ndani, viti vya plastiki, tanuri la udongo. Mume wangu alikuwa amepita mbele yake mamia ya mara, na daftarini haumo.

Shemeji akaambiwa aje. Mombasa hadi kwetu ni kilomita kama 120, na aliahidi kufika magharibi. Tukaketi, mavyaa katikati. Magharibi ikapita, isha ikaadhiniwa, mpishi akatuma mtoto mara mbili kuuliza atie au asitie. Shemeji aliingia akiwa na uso wa mtu mwenye habari njema.

"Kaka, mashindano yamekwisha," akasema hata kabla ya kuketi. "Tulipofika Gede rafiki yangu akakata kona, akanipeleka Watamu. Piza niliyokula huko haina mfano duniani."

Mume wangu hakuweza kujibu. Aliyejibu ni mavyaa. "Umekuja kwa mamako umeshiba?"

Hilo halina utetezi. Shemeji akakaa kama mtoto, piza zikaletwa, akaanza kula kwa adhabu na akaendelea kwa hiari. Nilimhesabia vipande mpaka nikachoka. Akijifuta mdomo mpishi akatoka jikoni kusalimia, naye shemeji, kwa kuwa hawezi kujizuia, akamsimulia Watamu: kingo zilivyovimba, madoa ya moto, harufu ya kuni.

"Mpishi alikuwa nani?" jirani akauliza.

"Kijana mmoja mrefu, anapiga mluzi akikanda."

"Huyo nimemfunza mimi. Mluzi ndio sikumfunza."

Ndugu wawili wakaruka kwa pamoja. Mume wangu akadai ameshinda, kwa kuwa mwalimu ni wa Malindi. Shemeji akadai ameshinda yeye, kwa kuwa mwanafunzi kampita mwalimu. Wakapandishiana sauti mpaka mwenye mkahawa akazima redio ili asikie vizuri. Mavyaa aliwaacha wachoke. Kisha akatoa hukumu: shemeji atalipa chakula, kwa kuwa mtu aliyeshiba akila kuliko wenye njaa hana la kusema, na mume wangu atalipa kanga za jirani, jozi mbili, si moja, kwa ajili ya tanuri la chokaa.

Alipomaliza akamwita mpishi karibu. Akamwambia piza yake si mbaya, lakini imepungukiwa. Aondoe mrehani. Atie kima kilichokaangwa na bizari na kitunguu maji, juu yake ampasulie yai. Aliyapanga maneno hayo kama anayesoma mapishi ya mkate wa kima wa jikoni kwake; huo ambao Unguja, pale Forodhani, hukaangwa juu ya bamba la chuma na kuuzwa kwa wageni kwa jina la piza ya Zanzibar, jambo ambalo mavyaa akilisikia hutaka kujua nani kawapa ruhusa.

"Bibi, hiyo haimo kwenye orodha," mpishi akasema.

"Basi iandikeni."

Wameiandika. Iko chini kabisa, kwa kalamu, piza ya kima na yai, sentimita 30. Mume wangu amekwenda na tepu yake. Anasema ni 29.